Daftari la Lala Salama

Saa mbili usiku wanabisha hodi Ndosho,
wawili, wakati mwingine watatu, na tochi moja.
Mia tano kwa kila mlango.
Ukilipa unapewa kikaratasi chenye muhuri wa kufuli,
na kufuli lenyewe limechorwa vibaya, kama kichwa cha mbuzi.
Kodi hiyo wameiita Lala Salama.
Nani alale? Usingizi wenyewe ndio wameuteka,
wanatuuzia rejareja, usiku mmoja mmoja,
kama chumvi ya kijiko.

Mimi ni karani wa chama cha wauza makala.
Nilichaguliwa kwa sababu mwandiko wangu hauyumbi
hata nikiandikia gotini, nimekalia jiwe la volkano.
Ukurasa wa kushoto: akiba, mkopo, faini za wachelewaji.
Ukurasa wa kulia nilianza kuandika mengine,
bila kutumwa na mtu:
Jumatatu, Nsimire, gunia moja, bariyeri tatu.
Jumatano, mzee Sekanabo, chukudu imezuiliwa, jino limevunjika.
Alhamisi, jeneza la mtoto wa Mwamini, faranga elfu mbili.

Hapo kalamu ilisimama.
Jeneza la urefu wa mkono wangu.
Walilipima kwa macho, wakatoza kama mzigo wa kabeji.

Kulikuwa na shauri la kwenda polisi.
Nsimire akacheka mpaka akashika ubavu:
sufuria ni moja, alisema, miiko tu ndiyo mingi.
Kukawa na shauri la mapanga, la vijana wetu,
na hilo halikumchekesha mtu.
Tulikaa kimya mpaka chai ikafunga utando.

Jumamosi tukaenda, wanawake thelathini na mmoja,
kila mmoja na kigoda chake.
Tukaketi chini ya kamba yao, katikati ya barabara,
tukaanza kuchambua maharage.
Bunduki ilikuwapo. Sitasema haikuwapo.
Nilisikia haja ndogo ikinishuka hadi kwenye kandambili,
nikaendelea kuchambua.
Mkubwa wao akauliza: mnataka nini?
Mwamini akajibu bila kuinua macho: majina.
Ninyi mnatujua kwa majina na kwa milango.
Na sisi tuwajue.

Jua likapanda. Malori yakapiga honi, yakachoka.
Wa kwanza kujitaja alikuwa amevaa gambuti,
zote mbili za mguu wa kushoto.
Bauma, alisema.
Bauma wa nani?
Akautazama mlima, ule unaowaka usiku,
kana kwamba jibu aliliacha huko.
Nikaandika: Bauma, wa mama asiyetajwa bado.

Hatukushinda. Msije mkasimuliwa vingine.
Kamba ipo, kila siku inapanda na kushuka.
Bwana mmoja mwenye fulana ya mifuko mingi alitujia
akauliza amani yetu imewafikia watu wangapi;
nikamwambia ahesabu maharage.
Tulichopata ni hiki, nimekiandika kwa wino mwekundu:
jeneza halilipiwi.
Mwanamke aliyeshikwa na uchungu halipi.
Baada ya mwezi tukaongeza: mtoto mwenye sare ya shule.
Ndivyo msingi wa nyumba unavyochimbwa Goma,
nyundo, jiwe, vumbi la jiwe,
na jioni umepata shimo la kutosha kuku kutagia.

Juzi usiku mlango uligongwa.
Nikachukua mia tano, nikafungua.
Bauma, peke yake, bila tochi.
Pesa hakuitazama.
Aliomba kuuona ukurasa.
Nikamulika kwa simu. Akatafuta kwa kidole, polepole,
kama mtu anayepapasa kovu lake mwenyewe,
mpaka akafika mahali pale.

“Andika Kavugho,” alisema.
“Na hiyo h usiiruke.
Ukiiruka, mama haitiki.”